Swali la Pili

Mwongozo ulifika usiku kwenye simu ya mganga mfawidhi,
kurasa arobaini na mbili, na mtandao wa Makete
ukizitoa moja moja kama ng'ombe wakaidi zizini.
Tukauchapisha. Wino ukaisha ukurasa wa thelathini.
Hadi leo hatujui mwisho wake ulisemaje.

Nje, sakitu ilikuwa imelalia viazi.
Ndani, mtungi mmoja wa oksijeni,
mshale wake ukisoma nusu,
na vitanda viwili vikihema.

Kitanda cha nne: Ezroni Mbwilo, miaka ishirini na sita,
mpakia mbao, mabega kama milango.
Kitanda cha tano: Tulakela Sanga, sabini na mmoja,
aliyezika wanawe wanne katika gonjwa lile la kwanza,
lile tulilolitaja kwa kuinamisha sauti,
akabaki na wajukuu watano na jembe.

Jedwali lilitaka namba.
Umri: punguza. Moyo: punguza. Figo: hatuna kipimo, acha wazi.
Miaka iliyobaki ya kuishi: kadiria.
Nikakadiria mimi, Yusta, muuguzi daraja la pili,
niliyefeli hesabu kidato cha nne.
Nikatafuta safu ya kuandika
"wanaokula mkononi mwake: watano."
Haikuwapo. Nikaandika pembeni, kwa penseli.
Penseli haihesabiwi.

Waliouandika hawakuwa watu wabaya.
Nawaona kabisa: meza ndefu, maji ya chupa,
mmoja akitamka "haki" na macho yakimlowa.
Walitaka kunitua mzigo.
Ila kwao uhaba ni mgeni, kaingia juzi,
wanamuuliza jina na ataondoka lini.
Kwetu uhaba ana kigoda chake jikoni.

Saa tisa usiku nikauhamisha mpira wa pua.
Bibi Tulakela alikuwa macho. Hakuuliza.
Alisema jambo kwa Kikinga, polepole,
kisha akalirudia kwa Kiswahili, kama mtu anayeandikisha:
"Mbegu ziko darini. Mwambie Editha asizipike."

Wenye mashamba ya viazi watanielewa.
Mbegu si kile kichanga, laini, chenye ngozi ya kung'aa.
Mbegu ni kile cha msimu uliopita,
kilichosinyaa, kilichoota macho gizani,
kile ambacho mpita njia angekitupa.
Unakizika, nacho kinaoza taratibu
huku vingine vikinywa kwake.
Nani alikadiria kwamba kikuukuu kimebakiza kidogo?

Sisemi Ezroni angekufa. Msinielewe hivyo.
Alipona. Juzi nimemwona Tandala akifunga kamba za lori,
akanipungia mkono, nami nikampungia,
na furaha ikanikwama kooni kama kiazi cha moto.

Nasema fomu ilianzia swali la pili.
"Nani apewe mtungi?" ni swali la pili.
La kwanza, "mbona mtungi ni mmoja?",
lilikwisha kujibiwa mbali, mchana kweupe,
na wenye mitungi,
wala hakuna aliyeomba saini yetu.

Editha alikuja kuchukua kanga na buti za bibi yake.
Ana miaka kumi na mitatu.
Aliitazama karatasi mezani,
akasoma jina, akasoma namba,
akauliza kama zile ni alama za mtihani.

Nilikuwa na maneno mengi ya semina.
Nikamwambia tu kwamba mbegu ziko darini.
"Najua," alisema. "Nimeshazigeuza."